Rachmaninoff wa Makutano

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimechoka na huyu Mrusi. Hajawahi kukanyaga Meru, alikufa kabla babu yangu hajaoa, na bado ndiye anayetuharibia chakula cha jioni.

Leo tena. Nimeketi nanyonyesha, Njeru ananishikia simu usoni. Video. Mwingereza mmoja mwenye shingo ndefu anafundisha watu kutamka majina ya wanamuziki.

"Sikiza, Kagwiria. Rak-MA-ni-nof. Hiyo ch ni k. Mkazo uko kwa MA. Na mwisho ni ff, si v."

Nikasema Rakmaninof. Akasema hapana, mkazo nimeupeleka mwisho. Nikamwambia mimi nimembebea mtoto miezi tisa, huo mkazo aubebe mwenyewe. Hakucheka. Akarudisha video mwanzo!

Wacha niandike tulivyoanza, kabla sijasahau na kudhani ni mimi mwenye kichaa. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alizaliwa mwisho wa Juni. Njeru, mume wangu, ni mwalimu wa muziki na ndiye mpiga kinanda wa kanisa. Anataka mtoto abatizwe Rachmaninoff — mtunzi wa muziki, fundi wa piano, Mrusi. Si kama jina la utani. Si la katikati, la kufichwa kwa herufi moja. Jina lenyewe! Siku ile hospitalini alimfungua mtoto ngumi akamnyoosha vidole. "Ona urefu! Yule jamaa alikuwa na mikono mikubwa hivi." Vidole vyenyewe kama maharagwe machanga.

Mimi nauza dawa kwenye duka moja hapa Makutano. Majina marefu hayanitishi. Siprofloksasini, klorofeniramini — nayataja huku nikipiga miayo. Lakini dawa unameza siku chache inaisha. Jina unameza maisha yote.


Ijumaa, 8 Agosti

Kliniki. Sindano. Aibu.

Muuguzi alitoka na rundo la vitabu vya watoto, akaanza kuita. Akafika kwetu. Akasogeza kitabu mbali na macho. Akakirudisha karibu.

"Mama... Rachel Manino!"

Hakuna aliyeinuka. Nilijua kabisa ni mimi. Nikajikausha. Akaita tena, kwa hasira. Mama mmoja kutoka Nchiru, jirani yangu kwenye benchi, akaniuliza kama huyo Rachel ni Mhindi. Nikasema labda.

Mwishowe tulibaki mimi na mtoto. Muuguzi akanijia. "Kumbe ni wewe! Mbona huitiki?" Akamfunua mtoto kumdunga, akasita. "Na huyu ni kijana. Sasa mnamwita Rachel?"

Jioni nilimsimulia Njeru nikitegemea pole. Kitu alichouliza — je, nilimweleza muuguzi kwamba ch ni k?

Mungu nipe subira.


Jumapili, 17 Agosti

Mama mkwe amefika. Mama Wambeti, kutoka upande wa Siakago, na gunia dogo la ndengu, asali, na kuku mmoja mwenye hasira kuliko mimi.

Hili niliandike polepole. Kwao, Embu na Mbeere, mvulana wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba. Hakuna kikao, hakuna kura. Baba yake Njeru alikuwa Mzee Rwamba, aliyefariki mwaka juzi. Kwa hivyo mtoto huyu alikuwa Rwamba kabla mimi sijajua nina mimba. Na Mama hakuja kuona mjukuu tu. Amekuja kumpokea mumewe. Amevaa kitambaa kipya, jamani. Amejipaka mafuta.

Njeru alikuwa hajamwambia! Wiki zote hizo anapiga simu nyumbani, "mtoto ni mzima, mtoto ananyonya," jina kimya. Akamwambia leo, mlangoni, kuku bado yuko mkononi mwa mama yake.

"Ra nani?" Mama akauliza.

Njeru akarudia. Kwa Kiingereza safi, mkazo mahali pake. Mama akamtazama mdomo kama mtu anayetazama jino bovu.

"Huyo ni nani wetu?"

Si wetu, Njeru akasema. Ni mtu mkubwa. Mrusi. Ameshakufa.

"Hata baba yako ameshakufa," Mama akasema, akaingia jikoni.

 Mtoto hakuitwa chochote na mtu yeyote, siku nzima.


Jumatatu, 18 Agosti

Simu ya Mzee Hezekiah, kaka wa marehemu Mzee Rwamba. Amepigiwa na Mama, ni wazi. Njeru akaweka sauti ya nje ili aendelee kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilisikia yote.

Mzee alitaka kujua huyo Mrusi ni wa mbari gani. Njeru akasema Warusi hawana mbari namna hiyo. Mzee akauliza, basi Rakima-nini ni jina lake au la baba yake? Njeru akakubali ni la ukoo. Lake mwenyewe lilikuwa Sergei.

"Si basi umwite Sergei! Hiyo angalau inaingia kwa mdomo."

Njeru akaeleza kwamba kwa Kiingereza, watu wakubwa wanaitwa kwa jina la ukoo peke yake. Inatosha. Ukisema Rachmaninoff, dunia yote inajua ni yupi.

"Na watu wadogo?" Mzee akauliza. "Wa wiki saba?"

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Njeru amenuna hadi sasa.


Alhamisi, 28 Agosti

Siamini. Siamini! Kuna Mmarekani.

Njeru amepata video nyingine. Mmarekani huyu anavuta ile MA ndefu, na ch yake inatoka kooni kama mtu ana kohozi. Anasema Mwingereza wetu amekosea. Sasa Njeru amechanganyikiwa. Yupi amfuate? Maana Mrusi mwenyewe aliishia Marekani, na huko ndiko alikochagua kuandika ff. Lakini sisi tulisomeshwa Kiingereza cha Uingereza. Amezunguka chumba na swali hili kana kwamba bei ya maziwa imepanda.

Nikamwambia hao wawili wakikubaliana waje waniite.

Dukani nilipokwenda kuwasalimia, Veronicah tunayeuza naye alitaka kumbeba mtoto. "Njoo kwa auntie, Raki!" Nikamwambia usimwite hivyo. "Sasa nimwite nani? Ninof? Hiyo ingine ni ndefu, kwanza ni kama ya antibiotic." Mteja mmoja akauliza kama iko ya watoto, ya maji.


Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Nilikaa nyuma na mtoto. Njeru aliwasimamisha wote, sauti zote nne, kuwafundisha jina, kwa sababu siku ya ubatizo wataimba kumkaribisha. "Rak-MA—" Besi wakasema Rakimana. Soprano wakasema Maninovu. Alipowataka waimalizie na f, mmoja akaitia m kabla yake, wakacheka, na yeye akapiga kinanda kwa kiganja. Mlio mbaya. 

Sijawahi kumwona akipiga kinanda hivyo. Kile kitu hukipangusa kwa kitambaa cha miwani.

Kuna jambo, na si Mrusi. Nitamuuliza. Lakini kila nikianza ananijibu kwa mkazo na herufi.


Jumanne, 9 Septemba

Mama Wambeti humwogesha mtoto kila asubuhi kwenye karai. Anamkanda, anamvuta miguu, anamsemesha Kimbeere. Leo nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja nepi.

Kwao bibi humwita mjukuu mwenye jina la mumewe "mume wangu". Anamtania, anamlalamikia, "mume wangu, leo umeniletea nini?" Nimewasikia bibi wengi. Ni mchezo, lakini si mchezo tu.

Mama akammwagia maji, mtoto akarusha teke. Mama akacheka. "Hii nguvu ni ya m—"

Akakata. Akachukua taulo. Akamalizia kumpangusa, mpaka katikati ya vidole vya miguu.

Nimekasirika leo kuliko siku zote, na sina wa kumkasirikia isipokuwa mmoja, naye yuko shuleni anafundisha watoto wa watu do re mi.


Jumatano, 17 Septemba

Kwa kasisi. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 28. Kasisi wetu ana utaratibu wake: hasomi jina kwenye karatasi. Baba wa mtoto hushika maikrofoni, akalitamka mbele ya kanisa lote, ndipo maji yamwagwe. Anasema baba asiyeweza kutaja jina la mtoto wake mbele ya watu, hajampa.

Alijaribu kulisema lile letu. Mara moja tu. Akavua miwani.

"Mwalimu, huyu ni mtakatifu wa wapi?"

Njeru akasema aliandika muziki wa kanisa, mzuri ajabu. Ni kweli, nimeusikia, hata mimi husisimka. Kasisi akasema hana ugomvi na Warusi. Ila aliuliza — kwa upole, hakuwa na kiherehere — jina la Mzee Rwamba amepewa nani?

Njeru akasema ndugu zake wengine watazaa.

Ana dada tu! Wawili! Watoto wao wana majina ya upande wa waume zao. Kasisi hajui hilo. Mimi najua. Nilimtazama Njeru, akatazama kalenda ukutani.

 Kufika sokoni alinunua ndizi, akaziacha kwa muuzaji.


Jumamosi, 27 Septemba

Siku ndefu. Wageni wa kesho wameanza kuja, viazi vimemenywa, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba na anajua.

Mchana nilitoka nje kuanika. Mama Wambeti yuko kwenye beseni anafua nepi, mgongo kwangu. Na anaongea peke yake. Nikasogea.

"Raki. Ma. Ni." Anasugua. "Raki. Ma. Ni. No."

Nikasimama kama mwizi. Akanisikia. Hakuona haya hata kidogo.

"Kagwiria, wewe unasoma majina ya dawa. Kuja unifundishe hii. Inaniponyoka kwa mkia."

Nikamwambia, Mama, si lazima.

"Ni lazima. Kesho watu watamwita, na mimi nimwite nani? 'Wewe' tu? Hapana. Nimefikiri sana. Kama mwanangu amesema ni hii, basi nitamwita na hii. Mtoto asikue akidhani mimi cucu yake nilikataa kumwita." Kisha, chini chini: "Mzee atanielewa. Alikuwa mtu wa kungoja."

Nikachuchumaa hapo kwenye povu. Tukalikata vipande. Rak. Ma. Ni. Nof. Kila akikosa anaanza tena, mikono ndani ya maji, macho amefumba. Meno ya mbele hana, ile f inatoka hewa tupu. Nililia, akadhani ni sabuni.

Ndipo nikaenda kumtafuta Njeru. Nilimpata kwenye gari la jirani waliloazima kubebea viti. Nikafunga mlango. Nikamwambia yote, beseni, mkia, f. Nikamwambia hatoki hapo mpaka aniambie ana nini na baba yake. Na akinitajia ch au k nitapiga honi mpaka Makutano yote waje.

 Akaanza kwa Kiingereza, nikamwambia hapana. Akaanza tena.

Yeye, Njeru, ana jina la babu yake, baba yake Rwamba. Hilo nalijua. Ambalo sikuwa nimelifikiria ni hili: maisha yote, Mzee Rwamba alimwita "baba". Ndivyo inavyokwenda. Mwanao akibeba jina la baba yako, ni baba. Baba kuja kula. Baba funga mbuzi. Hakumchapa hata siku moja — nani anamchapa baba yake?

Njeru alipoacha kozi ya kilimo, aliyosomeshwa kwa pesa za shamba la muguka, yale majani ya kutafunwa, akaenda kusomea muziki, Mzee alimngoja langoni.

"Angenitusi, Kagwiria, ningejua ya kufanya. Alivua kofia. Akaniambia, 'Baba, enda. Usirudi hapa na hizo kelele.' Akavua kofia!"

Hakurudi. Hawakuongea tena hadi Mzee akazikwa. Kwenye mazishi alipiga kinanda, nakumbuka, hakuinua uso. Mimi nilidhani ni huzuni ya kawaida.

"Sasa mtoto akiwa Rwamba, mimi ndio nitamwita baba. Kila asubuhi. Akilia — baba nyamaza. Nimejaribu. Nikiwa peke yangu na yeye, nimejaribu. Haitoki."

Haitoki! Mtu aliyetusumbua ulimi tangu Julai, kwaya nzima, muuguzi, mama yake bila meno!

Nilitaka kumkumbatia na kumpiga mwiko kwa wakati mmoja. Nikamwambia, na Mama yako, yeye ataitoa wapi?  Nikamwambia mimi sitasema jina gani. Mimi ni Mmeru wa Nkubu, sitaingilia mambo ya Rwamba na Njeru. Lakini kesho usimpe mtoto wangu jina la kujifichia.

Watoto wa jirani walikuwa wanagonga dirisha, wanataka viti.


Jumapili, 28 Septemba

Naandika kwenye chumba cha kasisi, kwa penseli yake. Daftari lilikuwa kwenye begi la nepi. Mtoto ananyonya. Ibada inaendelea huko nje na sisi hatumo. Nisipoandika nitapiga kelele.

Watoto walikuwa sita, sisi wa pili. Tukaenda mbele. Njeru suti, mimi gauni linalonibana, Mama Wambeti upande wangu na kile kitambaa kipya. Kwaya tayari. Kasisi akamfunua mtoto kichwa, akampa Njeru maikrofoni.

"Mnampa mtoto huyu jina gani?"

Njeru akasafisha koo. "Rak—"

Maikrofoni ikashuka hadi kidevuni.

Nikamtazama. Alikuwa hamtazami kasisi. Alikuwa anamtazama mama yake. Na Mama alikuwa ameinua kidevu, midomo inaenda naye bila sauti. Rak. Ma. Ni. Alikuwa anamsaidia! Vile mama anavyofungua mdomo akimlisha mtoto. Alidhani mwanawe amesahau, akawa anampa, pole pole, asiaibike mbele ya watu.

Njeru akafungua mdomo tena. Hakuna kitu. Maikrofoni inanguruma. Huko nyuma mtu akasema kwa sauti, wamsaidie, ni ngumu hiyo. Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akaendelea na ile No, na ile f ya hewa.

Njeru akamrudishia kasisi maikrofoni kwa mikono miwili, kwa heshima sana, akatembea katikati ya kanisa akatoka nje.

Nilitamani sakafu inimeze. Kasisi, Mungu ambariki, akasema tu, "Tutarudi kwenu," akaita mtoto wa tatu. Mama akatoka kumfuata, mbio, kiatu kimoja kikamvuka akakiacha hapo hapo kwenye zulia. Mzee Hezekiah akainuka kwenda kukiokota.

Chumba hiki kina mlango wa nyuma, uko wazi kidogo. Nawaona. Wameketi kwenye ngazi. Njeru ameinama, viwiko kwenye magoti. Mama amemshika kwenye kola tu, vile unavyoshika mbuzi asikimbie.

Mtoto wa tano sasa. Nasikia maji.

Njeru ameinuka. Mama amebaki.

Amesimama hapa mlangoni. Macho mekundu. Nimejifanya naandika — kwani nafanya nini? Ameuliza kama mtoto ameshiba. Nimesema ameshiba. Amenyoosha mikono, nimempa. Mtoto amekunja uso, yuko karibu kulia, anajua ametolewa kwenye titi.

Njeru amemwinamia sikioni. Amemwambia kitu. Kifupi. Sikukisikia, nimeona midomo tu imekutana, ikaachana, ikakutana tena. Mrusi ni mrefu kuliko hivyo.

Mtoto analia kwa nguvu. Njeru amerudia, kwa sauti zaidi kidogo: "Baba nyamaza." Kule kwenye ngazi Mama Wambeti amegeuka.

Kasisi anatuita. Njeru ameshatangulia na mtoto, na mimi bado sijafunga vifungo —